Nyuki wa Sitaha ya Tisa

Saa kumi na moja alfajiri, kwenye sitaha ya tisa ya meli ambayo watu wamenunua nyumba ndani yake, mwanamume wa miaka thelathini na mitano amepiga magoti mbele ya ua la boga. Mkononi ana brashi laini ya kupakia poda. Anaizungusha taratibu ndani ya ua dume, anahamia ua jike la jirani, anazungusha tena, kisha anapuliza kidogo kama mtu anayepoza chai ya mtoto.

"Baharini hakuna nyuki," anasema bila kugeuka. "Kwa hiyo nyuki ni mimi."

Na ndivyo anavyoitwa. Wakazi wa meli hii, kaya mia moja na kumi za watu waliostaafu na pesa zao, hawamjui kwa jina jingine. Nyuki, njoo uone mnanaa wangu. Nyuki, hili jani limepatwa na nini? Brashi yenyewe alipewa na mama mmoja wa sitaha ya saba, aliyemkuta akihangaika na kijiti cha kusafishia masikio, akamwonea huruma.

Mwandishi wa makala haya alipanda meli hii kuandika habari za makochi ya matajiri. Imetia nanga siku tano ikisubiri kipuri. Wakazi wake hawashuki safari ikiisha, kwa sababu safari haiishi. Wananunua nyumba, wanaingiza makabati na picha za wajukuu, kisha wanazunguka dunia mwaka hadi mwaka wakiwa na slipa miguuni. Ila baada ya miezi kadhaa ya kutazama maji, wengi hupatwa na ugonjwa mmoja: wanatamani udongo.

Ndiyo sababu ya bustani hii ya vioo, yenye masanduku ishirini na mawili ya nyanya, matango, pilipili na maboga. Yote yamefungwa kwa mikanda, yasije yakahama bahari ikichafuka.

Nyuki mwenyewe alipanda meli kwa sababu iliyo kinyume kabisa. Alikuwa anaukimbia udongo.

"Mimi nimekulia kwenye matuta," anasema. "Darasa la pili tayari nina jembe langu. Wenzangu wanacheza mpira, mimi napalilia. Mama hakuwa na utani na jembe."

Miaka sita iliyopita, siku ya jua kali, alilikita jembe hilo katikati ya tuta na kumwambia mama yake maneno ambayo mpaka leo akiyakumbuka anajifunika uso: "Mama, mimi na udongo basi. Ningekuwa na akili ningeondoka zamani." Mama alilichukua lile jembe, akaendelea na tuta pale pale mwanawe alipoishia.

Kijana akaenda bandarini kuomba kazi ya injini. "Yule bwana wa ajira hata barua yangu hakusoma. Alinishika viganja, akavigeuza, akasema, 'Wewe mkulima. Nafasi ipo bustanini.' Nilitaka kulia."

Wahenga walishasema, mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Lakini nani angempigia mama yake simu kumwambia kwamba amevuka bahari kwenda kupanda nyanya? Yeye alipiga akasema amepata kazi ya ufundi wa injini. Njia ya mwongo ni fupi, ila ya huyu bwana imezunguka dunia mara tatu. Huko nyumbani, mama yake akaanza kuitwa Mama Injinia.

Kazi si ya mchezo. Anafanya saa kumi na moja kwa siku, miezi minane mfululizo, na analala katika chumba kisicho na dirisha pamoja na fundi wa injini, yule wa kweli. Mshahara wake wa mwezi hauwezi kununua mto wa kochi la jaji mstaafu wa sitaha ya nane, lakini umeezeka upya paa la mama. Kila bandari, mkaguzi wa mimea anapanda na kubandika tangazo lenye muhuri mlangoni: jani lisitoke, udongo usitoke. Tangazo hilo likikiukwa, wa kwanza kuulizwa ni Nyuki.

Kilichomtesa zaidi hakikuwa kazi. Mwaka wa nne aligundua kwamba anaipenda.

"Niliona aibu kama mwizi," anasema. "Najikuta nawaza shamba la mama. Pale bondeni ningeweka matango, pale juu nyanya. Nataka kurudi, natamani mno. Lakini nirudi na uso gani? Nimeutukana udongo mbele ya mama yangu, halafu nikamdanganya miaka sita."

Hapo ndipo meli ilipotia nanga nchini kwao, na tangazo likatoka: kila mfanyakazi aalike ndugu mmoja, kwa saa tatu. Mama yake alipopata habari, alipanda basi siku hiyo hiyo.

Nyuki aliazima ovaroli ya mwenzake wa chumbani, ingawa mwenzake ni mfupi na suruali iliishia nusu ya muundi. Akajipaka grisi mashavuni. Akakariri majina matatu ya vyuma. Mama alipokanyaga ngazi ya meli juzi, alipokewa na mtu aliyefanana na aliyetoka kuanguka ndani ya pipa la oili.

Walishuka hadi kwenye mlango wa chumba cha mitambo. Kelele zilikuwa nyingi, na Nyuki aliomba ziendelee hivyo.

"Na hiki ni nini?" mama aliuliza.

"Pampu, mama."

"Na kile?"

"Pampu nyingine."

"Na kile kikubwa?"

Majina yalikuwa yamemwishia. "Kile ni... mama yao."

Mama alimtazama sana. Kisha akamshika mkono, akaugeuza kama alivyougeuza bwana wa ajira, akaangalia kucha. "Mwanangu, mashavuni grisi, kwenye kucha udongo. Ni injini gani hiyo inayopaliliwa?"

Nyuki alimpandisha hadi sitaha ya tisa, akachomoa funguo, akafungua mlango wa vioo.

Mama alisimama katikati ya masanduku. Aliangalia matango, akaangalia maboga, akaiona brashi ya poda. Akauliza ni ya nini, akaelezwa. Basi alicheka hadi akakaa juu ya gunia la mbolea.

"Mwanangu amevuka bahari saba kwenda kuwa nyuki!"

Alipomaliza kujifuta machozi alisimama, na mambo yakageuka. Nyanya zimebanana, nani kazipanda hivi? Pilipili hizi zinalia kiu. Hili tango lingechumwa juzi. Katikati ya hukumu hiyo akaingia jaji mstaafu, amekumbatia mti wake wa limau ndani ya chungu, unapukutisha majani. Nyuki alimtambulisha mama yake.

Mama alichomeka kidole kwenye udongo. "Unaunywesha mara ngapi?"

"Asubuhi na jioni, mama," alisema jaji.

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Unauua."

Jaji, aliyewahi kufunga watu miaka ishirini, alisimama kama mshtakiwa asiye na wakili. Aliomba apewe nafasi ya kujirekebisha. Mama akampa wiki tatu.

Saa zilipoisha, foleni ya wakazi wenye vyungu ilikuwa imefika kwenye lifti. Nyuki alimsindikiza mama yake hadi ngazini. Hapo mkaguzi alimwamuru avue ndala zioshwe, kwa kuwa udongo wa bustani hautoki melini.

"Udongo wa mwanangu ndio mnauogopa?" mama alimwuliza. "Mngejua yeye alivyouogopa."

Nyuki aliyasema yote hapo hapo, mbele ya mkaguzi na beseni lake. Aliomba radhi kwa yale maneno ya kwenye tuta. Akasema mkataba unaisha baada ya miezi mitatu na angependa kurudi, kama shamba litamtaka.

Mama alivaa ndala zilizolowa. "Mpini uliliwa na mchwa," alisema. "Jembe lipo."

Akashuka, hakugeuka nyuma. Nyuki anasema alilia pale pale, na mkaguzi akajifanya anasoma karatasi.

Tangu juzi, kila akipata nafasi, anashuka kwa fundi seremala wa meli. Wamepata kipande cha mbao ngumu kilichobaki kwenye meza ya mkazi mmoja, wamekichonga mpini, wameupiga msasa na kuupaka vanishi mara tatu, ili mkaguzi asikose usingizi juu ya wadudu. Unang'aa kiasi cha kujionea meno. Jaji naye ameomba aandikiwe barua matango ya bondeni yakishapandwa, aje kuutembelea huo mradi.

Nilimpigia mama yake simu kumuuliza kama atampokea. Kwanza alitaka kujua hali ya limau. Kisha akasema mwanawe arudi, ila ataanza na palizi kama kila mtu, na yeye jina la Mama Injinia harudishi, ameshalizoea.

Nikamweleza habari za mpini.

"Umepakwa vanishi?"

"Mara tatu, mama."

"Mwambie aukwangue wote, utamponyoka," alisema. "Mpini haung'arishwi kwa rangi. Akiulimia utang'aa wenyewe."

Akakata simu. Alikuwa shambani.