Jaribio la Kilio

Restuta hana cheo cha kumtambia mtu. Anafua mashuka kwenye nyumba ya wazee hapa Lewisham, London, Jumapili anaimba sauti ya pili kanisani, na akikuona umepunguza sukari kwenye chai atakuuliza kama umefilisika. Natoka naye Bukoba, kwa hiyo nikimsema nina haki. Ana kichwa kigumu. Akishika jambo haliachi, nadhani hata usingizini analishikilia.

Jambo aliloshika safari hii lilianzia kwenye msiba wa mumewe, miaka kadhaa iliyopita. Laurean alifariki ghafla, na kama ilivyo desturi yetu tukajaa kwa Restuta, ghorofa ya nne, watu sebuleni, watu jikoni, watu hadi kwenye ngazi. Wanasema kifo cha wengi harusi. Wengi tulikuwa, lakini harusi hatukuiona. Siku ya kwanza tu jirani wa chini akagonga dari, wa juu akapiga simu, na jioni wakaja polisi wawili, vijana wenye adabu zao, kuuliza nani anapigwa. Restuta akakunja kanga, akaiuma. Alimlilia mumewe hivyo hivyo, kanga mdomoni, mpaka tukamzika huku huku ugenini.

Tangu hapo akaapa kwamba Watanzania wa Lewisham watapata mahali pa kulilia maiti wao.

Na mahali akapaona. Mtaa wa pili kutoka kwake kuna nyumba ya matofali mekundu iliyojengwa zama za Malkia Elizabeth wa kwanza. Mwenyewe alikuwa tajiri wa sufu aliyetaka Italia imfuate nyumbani: nguzo, mashada ya plasta darini, vitoto vya malaika vilivyonona. Kwa miaka mingi ilikuwa imeachiwa njiwa. Shirika moja la hisani likachangisha, mafundi wakaikarabati taratibu, na wafadhili wakaweka sharti kwamba ukumbi wake mkubwa utumiwe na umma. Mwenyekiti wa shirika alikuwa Mama Kalpana wa Harrow, mzaliwa wa Mwanza. Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha watoto wetu wenyewe.

Taabu ikawa sakafu. Zile mbao za mwaloni, mafundi walisema, hazitaki viatu wala viti. Wenye harusi wakaja, wakaona, wakaondoka. Wacheza dansi vivyo hivyo. Nani anataka ukumbi wa kukaa chini pekupeku?

"Sisi," Restuta akasema kwenye kikao cha kamati ya shirika. "Msibani kwetu tunavua viatu, tunakaa kwenye mikeka. Viti vya nini?"

Mama Kalpana akatabasamu. "Hata sisi Wahindi tukifiwa tunakaa chini. Lakini kelele, mama? Council wametubana sana kwa noise."

"Si kelele, Mama. Ni kilio."

"Kitasikika nje?"

"Sijui. Sijawahi kupata pa kukilia."

Kamati ikanong'onezana kwa Kiingereza, kisha ikaamua kama kamati zinavyoamua: lifanyike jaribio. Restuta aingie ukumbini, afunge mlango, alie. Sisi wengine tusimame barabarani tusikilize. Nilikasirika. Mtu haambiwi alie kama anavyoambiwa awashe taa. Lakini Restuta mwenyewe alicheka. Akasema kuigiza kilio ni kazi nyepesi, wanawake wa kwetu humlilia hata mtu wasiyemjua. Akavua viatu, akaingia.

Tukasimama nje, mvua inatunyeshea. Tulisikia basi likifunga breki, tulisikia mtoto akidai chipsi, Restuta hatukumsikia. Tukangoja. Mama Kalpana akatazama simu yake.

"Labda anaona haya," akaniambia. "Twende tumwambie aanze."

Nikafungua mlango, yeye nyuma yangu. Sauti ikatupiga usoni. Restuta alikuwa ameketi sakafuni katikati ya ukumbi, miguu ameinyoosha, mikono kichwani, anamwita Laurean. Anamwuliza amemwachia nani. Anamwuliza mbona aliondoka bila kuaga na chai yake iko mezani. Hakuwa anaigiza tena. Kilio alichokimeza miaka yote kilikuwa kinatoka chote, na mimi ninayejiona mgumu machozi yakanishuka pale pale mlangoni.

Mama Kalpana akavua viatu. Akaenda akaketi kando yake kwenye zile mbao tupu, akamshika bega.

"Lia, mama," akamwambia. "Lia tu. Nje hakusikiki kitu."

Mzee mmoja wa kamati alikuwa ametufuata hadi kizingitini. Akaniuliza kwa upole kama jaribio limekwisha. Nikamwambia bado, nikaufunga mlango.