Chungu Kisicho na Chumvi

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika shuleni Nachingwea kabla ya alfajiri kwa kuogopa kuchelewa, mlinzi akanidhania mwizi. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Cheti changu cha ualimu kilikuwa kibichi, nimekikunja ndani ya shati, na njia nzima nilikuwa nakipapasa nione kama bado kipo. Mwalimu Mkuu alikisoma, akatazama jasho langu.

"Kijana, mtihani umeshafaulu," alisema. "Acha kujibu maswali ambayo hujaulizwa."

Sikuweza. Mwaka uliofuata nilihamishiwa shule ya kijijini karibu na Malolo, upande wa Ruangwa. Mwalimu Mkuu wa huko aliniagiza nilipeleke darasa la nne kilimani kwa somo la jiografia: kupanda asubuhi, kulala juu, kushuka kesho yake adhuhuri. Wanafunzi walikuwa kumi na mmoja. Kumi walikwishapita jandoni, na kulala porini hakukuwa kitu kigeni kwao. Wa kumi na moja, Selemani, alikuwa mdogo kuliko wote na hajawahi kulala mbali na mama yake.

Kwa ajili yake niliandika andalio, yaani mpango wa somo ambao kwa kawaida hujaza ukurasa mmoja. Langu lilifika kurasa tisa. Niliandika nyoka, nyuki, mioto ya kusafisha mashamba, na kijito cha katikati ya njia kukauka. Nilipanda njia ile peke yangu mara tatu, nikapima kwa hatua za mtoto.

Halafu mzigo. Fundi alimshonea Selemani mkoba wa mgongoni kwa turubai kuukuu lililobaki kwenye mradi wa Waingereza wa kulima karanga. Nilitia blanketi, kibuyu cha maji, unga, karanga za kukaanga, mafuta ya miguu, kamba, na shati la pili. Nikampeleka Selemani na mkoba wake kwa mnunuzi wa ufuta, nikaomba mizani. Siku hizo tulipima kwa ratili, ambayo haifiki nusu kilo. Mnunuzi alimning'iniza mtoto kwenye ndoano, akacheka.

"Mwalimu, huu ufuta una miguu! Unauza ratili kwa bei gani?"

Mkoba ulikuwa mzito mno kwa mwili ule. Nikaanza kupunguza. Kamba, nikaitia mkobani mwangu. Unga, kwangu. Shati, kwangu. Zilipobaki ratili sita tu, nikapumua.

Ilibaki ruhusa. Mama yake, Bi Somoe, alikuwa amezika watoto wawili, na Selemani ndiye aliyebaki. Nilimkuta anabangua korosho, nikamsomea kurasa zote tisa. Alisikiliza hadi mwisho.

"Mwalimu, akirudi na jeraha, shule basi. Atalima na mimi."

"Nimekuelewa, mama."

"Na mpaka arudi, sitatia chumvi chunguni."

Mtoto akiwa jandoni, mama wa huku hupika bila chumvi hadi apone. Nilimwambia hili si jando, ni jiografia. Akanijibu, "Pori ni lilelile."

Tulipanda salama. Sikumbuki mandhari ya juu, ingawa ndiyo yaliyotupeleka. Namkumbuka Selemani tu, kila unyayo wake. Kesho yake, wakati wa kushuka, nilikuwa nimegeuka kutazama kama ameinua mguu kwenye mzizi. Ameinua. Mimi sikuinua. Mkoba wangu, wenye kamba, unga na shati la mtu mwingine, ulinivuta mbele, kifundo cha mguu kikapinda, nikaenda chini kama gunia.

Wakubwa walinishika mabega. Selemani aliufungua mkoba wangu, akahamishia vitu kwake kimoja kimoja bila kuulizwa. Nilimkataza.

"Mwalimu, hata kuni za nyumbani huwa nzito kuliko hivi," alisema.

Adhuhuri ikatupita njiani, kisha alasiri. Nilichechemea huku nikiwaza chungu cha Bi Somoe na shule ya mtoto. Tulipofika uani kwake alikuwa amesimama. Alimkagua mwanawe magoti, vidole, nyayo. Hapakuwa hata na mkwaruzo. Kisha akautazama mguu wangu uliovimba.

"Na mama yako wewe, anajua kwamba ulikwenda mlimani?"

"Hajui. Sikumpa habari."

"Ndiyo maana," alisema, akaingia ndani kuchukua chumvi.

Jumatatu Selemani alikuwa darasani. Mimi nilikaa nyumbani siku nne, na Mwalimu Mkuu akaandika katika daftari la shule: "Msafara umerudi salama, isipokuwa mwalimu."

Baadaye nilifundisha Marambo, nikarudi Nachingwea, nikawa Mwalimu Mkuu, mwisho nikastaafu. Niliwapeleka watoto kilimani miaka yote hiyo, na hofu haikupungua hata siku moja. Nyinyi walimu vijana mnaoniuliza dawa yake, sina. Andalio langu lilipungua likawa ukurasa mmoja, na kila safari nilimpelekea mama yangu habari kabla ya kuondoka.

Mwezi uliopita mjukuu wangu alikwenda mlimani na shule yake kwa mara ya kwanza. Mkoba wake sikuupima. Niliomba tu chakula changu kipikwe kando. Siku ya pili, jua likiegemea, alitokea mlangoni na vumbi hadi magotini, akauliza kuna nini cha kula.

"Kipo," nikamwambia, "ila lete kwanza chumvi."