Dada Aliomba Chakula cha Panya

Anausukuma mlango kwa bega, maana mikono yote miwili imeshika ndoo. Harufu ya mkojo na maranda ya mbao inamlaki. Ndani, panya weupe wanasimama kwa miguu ya nyuma na kung'ang'ania nyavu za vizimba vyao.

“Haya, haya, mmeamka salama?” anawauliza. “Msigombane, kila mtu atakula.”

Majirani wanamwita Bi Panya. Mwanzoni alinuna, kisha akazoea. “Wapangaji wenzangu wakiona panya jikoni wananiita, eti nije nimchukue ndugu yangu,” anasema, akicheka mpaka barakoa inamteleza puani.

Kazi yake, katika maabara hii ya utafiti wa saratani, ni kuwalisha panya, kuwasafishia na kuwapima uzito. Wote wamepewa kemikali inayoleta uvimbe wa matiti. Wa rafu ya kushoto wanakula chakula cha kawaida. Wa kulia wanakula chakula hicho hicho kilichotiwa seleni, madini ambayo mwili unayahitaji kwa kiasi kidogo mno.

Anampakata mmoja wa kushoto, anampapasa tumboni taratibu, kisha vidole vinasimama. “Huyu anao,” anasema kwa sauti ya chini.

Wa kulia nao hupata uvimbe, ila ni wachache zaidi. Habari hiyo aliipeleka nyumbani Jumapili moja, akaisimulia mezani kama mtu anavyosimulia mambo ya kazini. Dada yake mkubwa, mshonaji wa sare za shule aliyemlea tangu mama yao alipofariki, aliacha kula.

Baada ya wiki chache dada alikuja peke yake mchana. Alifunga mlango, akafungua vifungo vya blauzi.

“Nilipogusa ule uvimbe titini, roho iliniruka,” anakumbuka Bi Panya. “Nikamuuliza, dada, kwa nini hukusema?”

“Niliogopa kukatwa,” dada alijibu. “Sasa, mdogo wangu, Mungu amekuweka pale. Niletee kile chakula.”

“Kile ni cha panya, dada.”

“Kama panya kinawafaa, mimi nina kasoro gani?”

Bi Panya hakukataa papo hapo. Kesho yake alimfuata daktari anayeongoza utafiti. Daktari alimpa kiti, akamweleza kwamba wao wanachunguza kinga tu. Hawakuwa na ushahidi wowote kwamba seleni huondoa uvimbe uliokwisha kukua. Na ikizidi, ni sumu. Hilo la sumu Bi Panya hakuhitaji kuambiwa. Katika jaribio la awali aliwahi kuwazoa wale waliozidishiwa, manyoya yamepukutika, chakula hawakitaki.

Akaenda kwa dada yake mikono mitupu.

“Twende hospitali kesho. Nitaomba ruhusa.”

“Sema unaogopa kufukuzwa kazi!” dada alifoka. Waligombana mpaka majirani wakachungulia.

Alipokubali kwenda, ugonjwa ulikuwa umeshafika kwenye mapafu. “Daktari wa hospitali aliongea kwa upole sana,” anasema Bi Panya. “Ule upole ndio ulionikata maini.” Cherehani iliuzwa, dawa zikanunuliwa, hali ikazidi kuwa mbaya.

Siku moja, Bi Panya akimnywesha uji, dada alimshika mkono. “Hata kijiko kimoja tu, mdogo wangu?”

Hapo Bi Panya anafuta rafu ambayo tayari ni safi. “Ningempa, ningemuongezea mateso. Sikumpa, na amekufa akidhani nimemnyima.”

Mazishini shemeji yake alimkabili mbele ya watu. “Panya wanakingwa, mke wangu yuko kaburini. Usikanyage kwangu tena!” Hakuna aliyemtetea.

Aliporudi kazini, jaribio lilikuwa linafikia mwisho, na mwisho wake panya wote huuawa wapasuliwe, uvimbe uhesabiwe. Yeye ndiye aliyewabeba, wa kushoto na wa kulia, mmoja baada ya mwingine. “Hata waliokingwa tuliwaua. Niliwaambia poleni, nikaenda kulia chooni.” Hawa wa leo ni wapya.

Kwa nini haachi kazi hii? Anashangaa kuulizwa. “Niende wapi? Na hawa nani atawalisha?”

Kinachomnyima usingizi sasa ni binti wa marehemu, msusi katika saluni moja. Anataka akapimwe mapema, maana saratani ya matiti wakati mwingine hufuata ukoo. Baba yake amemkataza kuonana naye. Mara ya kwanza Bi Panya alipokwenda, binti alijifanya hamjui. Wiki iliyopita akaenda tena, akakaa kwenye kiti kama mteja.

“Angenifukuzaje? Nilikuwa nimekwenda kusukwa,” anasema.

Binti alisuka mistari miwili, mitatu. Kisha akamtazama kupitia kioo.

“Mama mdogo, wakikupima pale hospitali wanakukata?”

“Hapana, mwanangu. Wanakuangalia tu. Nitakuwa pembeni yako.”

Binti hakusema ndiyo. Alisema tu kwamba Alhamisi saluni huwa haina watu.

Bi Panya ameshaomba ruhusa ya Alhamisi. Atasimama langoni mwa hospitali tangu asubuhi, anasema, na binti asipotokea, ataomba ruhusa ya Alhamisi inayofuata.