Uzi wa Nyavu Kwenye Tiketi

Wakati huo nilikuwa nauza tiketi za ndege katika ofisi ndogo karibu na soko la Gisenyi. Ndege zenyewe ziliondokea Kigali. Sisi tulikuwa na meza, simu yenye makelele na vijitabu vya tiketi vya kuandika kwa mkono. Nilijiona mtu mkubwa, na nilikuwa mwepesi wa kufoka.

Alikuja mama muuza sambaza, wale dagaa wa ziwani. Binti yake alikuwa Brussels, mume wa huyo binti amefariki, na Jumanne fulani binti angepasuliwa ili mtoto atoke.

"Lazima nifike mbele ya ile Jumanne," alisema. "Hana mutu."

Vijitabu vya kurasa nne, vya kubeba safari nzima, vilikuwa karibu kwisha nami nilivibania kwa ajili ya wakubwa. Nikamwandikia viwili vifupi: kimoja cha Kigali na Nairobi kwa kampuni moja, kingine cha Nairobi na Brussels kwa kampuni nyingine. Kanuni ilitaka niandike namba ya kimoja juu ya mwenzake. Sikuandika.

Kabla hajasafiri, zile kampuni mbili zikaungana. Ndege ya asubuhi ya Kigali ikafutwa. Ya jioni ingemfikisha Nairobi ile ya Brussels imeshaondoka. Nikamwita. Alipotoa tiketi, niliona amezishona pamoja kwa uzi wa nyavu.

"Nani alikutuma utoboe tiketi?" nilimfokea mbele ya watu.

"Safari iko moja," alijibu taratibu. "Niliogopa ingine itapotea."

Siku ya Ijumaa tukapanda basi kwenda Kigali, mimi na yeye. Nilimwaza yule binti akizinduka hospitalini bila mtu, kwa uzembe wangu.

Kwenye kaunta, afisa wa kampuni mpya alirudia aliyoniambia kwenye simu: mwenye tiketi moja ya kuunganisha wanamtafutia ndege nyingine, lakini vijitabu viwili ni safari mbili, na ndege ya pili ikimpita ni shauri lake. Kisha akavichukua mkononi. Akauvuta ule uzi. Akatazama namba: zilifuatana, tarehe moja, mwandiko mmoja.

"Nani aliviunganisha hivi?"

Nikafungua mdomo. Mama akanitangulia.

"Ni huyu mutoto wa biro ya tiketi alishona. Alisema safari iko moja."

Afisa akacheka kidogo, akavuta kalamu, akaandika namba ya kila kimoja juu ya mwenzake. Mama angeondoka Jumamosi jioni, alale Nairobi kwa gharama ya kampuni, Jumapili apande ya Brussels.

"Umefanya kazi nzuri," aliniambia.

Nikasema asante. Mama alikuwa anakunja tiketi zake ndani ya kitenge, hata hakunitazama. Jumanne ile alikuwa kando ya kitanda cha binti yake, nami nilikuwa Gisenyi, mezani, nikisifiwa na bosi kwa uzi ambao nilikuwa nimemfokea mama kwa kuushona.