Masikio ya Kufinyangwa

Mbambu alitoka Butembo na vitu vitatu: kinu, mchi na sauti. Kinu na mchi vilimlisha tangu wiki ya kwanza, akitwanga sombe, majani ya muhogo, na kuiuza Kalerwe kando ya barabara. Sauti ilichelewa kupata soko, maana Kampala imejaa Wakongo wanaoimba, na wengi wao huimba kwanza ndipo waulize nani atawalipa. Mbambu aliuliza kwanza. Ndiyo maana mpaka 2015, baada ya miaka kumi na mmoja mjini, wenzake walikuwa wamepigwa picha nyingi, na yeye alikuwa na paa lake mwenyewe.

Mwaka huo hoteli moja upande wa Kyambogo ilitafuta mwimbaji mmoja wa kila Ijumaa, kwa mwaka mzima. Meneja, mwanamke aliyeitwa Loice, alikuwa amechoshwa na zile spika kubwa ambazo wanamuziki huzilaza jukwaani ziwaelekee ili wajisikie. Ukumbi wake ulikuwa na dari fupi, na wageni walikuwa wakikimbia kelele na sahani zao mkononi.

"Spika hizo sizitaki," alisema. "Mwimbaji ajisikie masikioni mwake, kama wale wa kwenye televisheni. Nitawajaribu wawili baada ya wiki nne. Atakayeshika sauti yake mpaka mwisho ndiye wangu."

Wawili hao walikuwa Mbambu na Pitshou.

Pitshou alikuwa mtu wa Bukavu aliyejifanya wa Kinshasa. Alikuwa na makoti saba ya rangi saba, na kila aliposhuka kwenye bodaboda aliinama kupangusa viatu kwa leso kabla hajamsalimu mtu. Sauti alikuwa nayo, tena nzuri kuliko ya Mbambu. Asiyelikubali hilo ni mwongo. Tatizo ni kwamba Mungu alimpa sauti, akasahau kumpa mtu wa kuitunza.

Mbambu alikwenda Mengo, kwenye chumba cha Masinde, Mbukusu wa Bungoma aliyekuwa akikodisha na kuuza vyombo vya muziki, naye ndiye angekaa kwenye mitambo siku ya jaribio.

"Mama, njia ni mbili," Masinde alimwambia. "Ya kwanza, unakwenda kliniki ya masikio, wanakumiminia dawa laini ndani ya sikio, inaganda, inatoka na umbo lako. Umbo hilo linatumwa Nairobi, baada ya wiki tatu linarudi likiwa iafoni, kile kidude cha kusikilizia ndani ya sikio, yako wewe peke yako. Inaziba kama kifuniko cha chupa ya chai. Ngoma ikipigwa, huko nje inabaki."

"Na ya pili?"

"Ya pili ni hii ya mtu yeyote. Ina vipira vya saizi tatu. Lakini haizibi kama ile, ngoma inapenya. Kwa hiyo unavaa na amplifaya hii." Akamwekea mkononi kidude kinacholingana na kipande cha sabuni ya kufulia, chenye kitasa kimoja. "Unaifunga kiunoni, unajiongezea sauti mwenyewe. Usizidishe tu. Sikio likifa halifufuki."

"Ipi nzuri?"

"Ya kupimwa. Ikipimwa vizuri."

"Nikiichoka, nitamuuzia nani?"

Masinde alicheka mpaka akakohoa. "Hiyo haiuziki, mama. Labda umpate pacha wako. Cha kuuzika pale ni waya tu, maana waya ndio unaokufa kwanza, na waya wa hizi zote ni wa aina moja."

Mbambu hakutoa hela. Hakuwahi kununua hata nyanya kwa maelezo ya muuzaji. Alisikia kwamba Pitshou anakwenda kupimwa Jumatano, akafunga kitenge, akaenda kutazama.

Kliniki ilikuwa na benchi moja refu, na wanawake watatu walikuwa wakingoja zamu. Pitshou alikuja na koti la rangi ya papai bivu, akaketi kitini kama mtu anayesubiri kuvishwa taji. Mpimaji, dada mmoja aitwaye Rukiah, alimuuliza kazi yake.

"Mimi ni artiste."

"Unaimba? Basi ssebo, bwana wangu, ng'ata sponji hii, mdomo ubaki wazi mpaka dawa igande. Taya likifunguka, tundu la sikio linabadilika. Nikikupima umefunga, zitakukaa ukinyamaza tu."

Pitshou aliing'ata. Dawa ikamiminwa sikio la kulia, kisha la kushoto, naye akabaki ameachama. Haikupita dakika moja, mate yakaanza kumtoka. Yalishuka kidevuni, yakakaribia kola ya papai. Mmoja wa wale wanawake wa benchi akaziba kinywa kwa mkono, na bega lake likatikisika.

Pitshou akaitema sponji. "Mimi si ng'ombe wa sokoni, mtu aniangalie meno!"

"Yaya, rudisha hiyo sponji," Mbambu alimwambia, kama Wakongo wanavyomwita kaka au dada. "Wewe huimbi mdomo umefungwa."

"Bon! Mama sombe anafundisha daktari! Enda ukatwange, mama. Mambo ya masikio iko na wenyewe."

Rukiah alimtazama, akasema, "Ni masikio yako, ssebo," akamalizia kazi. Pitshou alikaa amefumba mdomo, mzuri kama picha ya kitambulisho.

Mbambu, pale kwenye benchi, alitia kidole sikioni, akafungua mdomo, akafunga, akafungua tena. Nyama ilicheza chini ya kidole. Hakuhitaji shule zaidi ya hiyo. Alikwisha kumwonya Pitshou mara moja. Maneno ya bure Mbambu huyapima kama anavyopima chumvi.

Yeye mwenyewe angeweza kuachama saa nzima, hana koti la kulilinda. Lakini alipiga hesabu ya siku. Wiki tatu za Nairobi, na jaribio wiki ya nne. Zikirudi zimekosewa, hakuna nafasi ya pili, na hakuna wa kumuuzia kosa. Duniani kuna watu wanaolipia kitu kabla ya kukijaribu, na watu hao ndio wanaowatajirisha wengine.

Akarudi kwa Masinde na mahindi mawili ya kuchoma. Alimfanya apige ngoma kwenye redio mpaka kuta zikatetemeka, akavaa zile iafoni za mtu yeyote, akaanza kuimba huku anatafuna. Ya kushoto ikadondoka. Akabadilisha kipira, akatafuna, akaimba. Saa nzima ikapita. Mwishowe akagundua kwamba sikio lake la kushoto linataka kipira kikubwa na la kulia cha kati.

"Mama," Masinde alisema, kichwa kinamuuma, "unanunua iafoni ama unatafuta bwana?"

"Bwana ningemchagua haraka. Akikaa vibaya, anaondoka mwenyewe."

Alipomshinda kwenye bei na kulipa, alichovya kijiti kwenye rangi nyekundu ya kucha, akatia alama kwenye kitasa cha amplifaya, mahali ambapo alijisikia vizuri bila kuumia. Hapo ndipo mwisho. Zaidi ya hapo ni kuuza masikio.

Siku ya jaribio Pitshou alipanda wa kwanza. Iafoni zake ziling'aa, jina lake limeandikwa juu yake kwa rangi ya dhahabu, asije akasahau yeye ni nani. Wimbo wa kwanza ulikuwa wa chini, wa kunong'ona, midomo haifunguki sana. Aliuimba vizuri sana. Akamkonyeza Mbambu.

Wimbo wa pili ulitaka mdomo. Pitshou alipoachama kupanda juu, masikio yakalegea. Ngoma ikaingia kama maji kwenye mtumbwi uliotoboka, sauti yake mwenyewe ikapotea. Akamwashiria Masinde aongeze. Masinde akaongeza. Ubeti ukaisha, Pitshou akafunga mdomo, iafoni zikaziba tena, na sauti yote iliyoongezwa ikampiga kichwani kama kofi. Aliruka. Wageni wakadhani ni mtindo wa kucheza, wakapiga makofi.

Akaachama, akajipoteza. Akafunga, akapigwa. Kufikia wimbo wa tatu alikuwa akiimba na vidole viwili masikioni, macho yamemtoka, kama mtu aliyeingiwa na mdudu, na ufunguo wa wimbo, ile sauti aliyoanzia, alikuwa ameuacha mbali nyuma. Loice aliweka kikombe chake chini.

Mbambu alipanda na amplifaya imefungwa chini ya kitenge, kitasa kwenye alama nyekundu. Hakuna muujiza uliotokea. Ngoma ilipenya, kama Masinde alivyosema. Lakini alijisikia kiasi cha kutosha, na mwenye kujisikia hana haja ya kupiga kelele. Aliimba nyimbo tatu, na zote tatu alizimalizia mle mle alimoanzia.

"Nyabo, mama, Ijumaa ijayo saa moja jioni uwe hapa," Loice alimwambia. Kisha akamgeukia Pitshou, akamtazama juu mpaka chini. "Ssebo, koti ni zuri."

Asubuhi ya Jumatatu Pitshou alifika Kalerwe na kiboksi cha mahameli. Safari hii alisalimia kabla ya kupangusa viatu.

"Yaya Mbambu, habari ya asubuhi. Nakuletea kitu ya maana. Mpya kabisa. Nakupunguzia."

Mbambu alipangusa mikono, akaichukua iafoni moja, akaigeuza kwenye kiganja kama anavyogeuza nyanya kutafuta palipooza.

"Nani ana sikio lako?"

"Wanaweza kuzifinyanga upya…"

"Mdomo wazi?"

Pitshou akainama kupangusa viatu. Mbambu akashika waya, akauvuta. Ukachomoka kwa mlio mdogo. Akauangalia ncha zote mbili.

"Waya nachukua. Mafungu mawili ya sombe."

"Mafungu mawili! Waya wa Nairobi, yaya!"

"Matatu. Na masikio yako ubaki nayo."

Pitshou alisimama pale, akatazama kushoto na kulia kama kuna mnunuzi mwingine. Hakuwepo. Akachukua sombe, akaondoka ameishika mbali na mwili, maji ya kijani yakidondoka karibu na viatu. Mbambu aliuviringa waya, akautia ndani ya kitenge, akamgeukia mteja aliyekuwa akingoja.

"Iliyotwangwa au majani?"