Maji ya Mutuka na Ng'ombe Wasio na Mwenyewe

Katika miaka ile ya foleni za madukani, Philomena alikuwa na kawaida ya kuhesabu njiti za kiberiti. Akishanunua, alikaa palepale kwenye ngazi ya duka, akazimwaga kwenye kitenge chake, akazihesabu moja moja, na zikipungua alirudi ndani. Mafuta ya taa aliyanusa kabla ya kulipa. Sabuni ya mche aliipima kwa shibiri ya mkono wake. Wenye maduka wa Babati mjini walimjua, na akionekana kwa mbali walianza kutazamana.

"Yule mama wa Mutuka huyo anakuja. Leo tutahesabiwa hata vidole."

Yeye hakujali. Alikuwa na watoto wanne. Mumewe, Marseli, alikuwa fundi mwashi Arusha, na bahasha zake zilikuja zikizidi kuwa nyembamba. Mtoto wa mwisho, Fabiola, alikuwa na kifua kilichomsumbua tangu kuzaliwa. Philomena mwenyewe alisoma hadi darasa la nne huko Dongobesh, Mbulu, alikozaliwa, kisha akaolewa na kushuka Mutuka. Elimu hiyo ilimtosha kusoma tangazo, kuandika jina lake na kugundua chenji iliyokosewa. Machoni pake, hakuna chenji iliyowahi kukosewa kwa bahati mbaya.

Nyumba yake iliishi kwa zizi. Zizini mlikuwa na ng'ombe sita, na kati ya hao wa kwake alikuwa mmoja tu, mtamba mwekundu ambaye bado hajazaa. Watano waliobaki walikuwa wa Mzee Pantaleo.

Kwa watu waliotoka Mbulu hilo halikuwa jambo geni. Mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote kwake. Anawagawa, watano hapa, watatu kule, kwa watu anaowaamini. Anayefuga anakunywa maziwa na kuchukua samadi, na akiwatunza vizuri kwa miaka mingi hupewa mtamba, kama Philomena alivyopewa huyo mwekundu. Ugonjwa ukiingia zizi moja, mali yote haiishi. Na ndugu akija kuomba, anakuta zizi la tajiri lina mbuzi wawili na kuku. Sharti lilikuwa moja tu: anayefuga hamtaji mwenye mali. Ukiulizwa unajibu, "Ni ng'ombe wa hapa nyumbani," basi. Ukimtaja, kesho yake atakuja na fimbo kuwaswaga waondoke.

Philomena alilishika sharti hilo miaka tisa. Fabiola alikulia kwenye maziwa yale.

Mwaka wa themanini na sita mashine ya maji ya Mutuka ilinyamaza. Kwanza ilikosa dizeli, ikapatikana pipa moja, ikaisha. Kisha kikavunjika kitu ndani ya pampu, na kitu hicho hakikuwapo Babati wala Arusha. Tangu zamani watu walikuwa wameambiwa maji ni bure, na yalikuwa bure kweli, ila sasa hayakuwapo. Wanawake walirudi kuchota ziwani, kwa zamu, wengine wakichota na wengine wakiangalia viboko.

Miezi minne ilipopita ukaitwa mkutano. Aliyekuja kusema alikuwa mtumishi wa idara ya maji, jina lake Eustace, mtu wa Kilimanjaro aliyehamishiwa Babati mwaka uliotangulia. Watu walimwita Bwana Maji. Alikuwa mpole, mwenye shati lililopigwa pasi hata siku ambazo mkaa ulikosekana, na Philomena alishajiuliza mara kadhaa mkaa wake anautoa wapi.

"Ndugu wananchi," alisema Bwana Maji, "serikali itatoa fundi na mabomba ya kufika mpaka huku juu. Dizeli na vipuri mtachangia wenyewe. Sasa tuulizane, tuchangie vipi? Bibi anayechota ndoo moja alipe sawa na mwenye ng'ombe ishirini? Ng'ombe mmoja anakunywa madebe mawili kwa siku! Mimi naona hivi. Kila kaya shilingi ishirini kwa mwezi. Na kila ng'ombe atakayeonekana zizini, ishirini. Asiyelipa hataruhusiwa kuchota wala kunywesha. Mwenye nacho abebe zaidi. Nani anapinga?"

Philomena aliyasikiliza maneno yale akayaona ya haki, na jambo hilo ndilo lililomtia wasiwasi. Akaacha kumtazama msemaji, akaanza kutazama mikono ya watu. Wa kwanza kupiga makofi alikuwa Mzee Pantaleo, mwenyekiti wa kamati ya maji, mwenye mbuzi wawili zizini. Wa pili alikuwa Modesti, ambaye kwake kulikuwa na punda tu. Wenye mazizi yaliyojaa walikuwa wakitazama vidole vya miguu yao. Hakuna aliyeweza kuuliza, maana swali lenyewe lingemtaja mtu.

Rosalia, jirani yake ambaye watu walimwita Mama Filbert, alimgusa kiwiko. "Mama Xavery, mbona umenuna? Wewe sasa ndiye tajiri wetu. Uje unikopeshe."

"Na wewe watatu wako?"

"Wangu?" Rosalia akacheka kwa pua. "Wale ni wa hapa nyumbani."

Njiani Philomena alipiga hesabu. Kaya moja na ng'ombe sita, shilingi mia moja na arobaini kila mwezi. Marseli alikuwa ametuma mia tatu, na hizo zilikuwa za miezi miwili, na unga bado. Asipolipa, atakosa maji ya bomba. Akiwarudisha ng'ombe, watoto watakosa maziwa. Kadiri alivyoligeuza jambo hili ndivyo alivyozidi kuamini kwamba halikutoka kwa Bwana Maji peke yake. Mgeni wa Kilimanjaro angejuaje kuhesabu mazizi? Nani alikaa naye kabla ya mkutano? Alimkumbuka Pantaleo akimwekea mgeni kiti, akimpa soda. Soda ilipatikana wapi mwaka ule?

Asubuhi iliyofuata alikwenda kwa Pantaleo. Alimkuta anachonga mpini wa jembe.

"Shikamoo, Baba Egidius."

"Marahaba, Mama Xavery. Wanyama hawajambo?"

"Hawajambo. Nimekuja kwa sababu ya mchango wao."

"Mchango wa nani?"

"Wa wale watano. Wangu nitalipia. Naomba wale wengine uwalipie wewe, nitapeleka fedha hizo kimyakimya kama zangu. Hakuna atakayejua."

Pantaleo aliendelea kuchonga. "Mama Xavery, maziwa anakunywa nani?"

"Watoto wangu."

"Samadi iko shamba la nani?"

"Langu."

"Basi na maji yawe yako. Hiyo ndiyo haki, mimi sikuitunga, imepitishwa na mkutano. Nilikuona, hukupinga." Akapuliza vumbi la mti kwenye mpini. "Kama wamekuwa mzigo, sema. Wako wengi wanaowataka."

Hakukuwa na ukali katika sauti yake, na jibu lake halikuwa la kijinga. Philomena alirudi nyumbani akilitafuta kosa ndani yake. Alilipata alipokuwa anachuja maziwa. Dume akiuzwa, fedha ni za Pantaleo. Mitamba wakizaa, ndama ni wa Pantaleo. Maji yale yanakuza nyama na mifupa ya mali ya mtu mwingine, na yeye alipata kibuyu kimoja cha asubuhi na nusu ya jioni. Kama ni haki, basi maziwa yalipiwe na anayeyanywa, na ng'ombe alipiwe na atakayemuuza. Lakini mahali pa kulisema hilo hapakuwapo.

Siku ya kuhesabu ilikuwa Jumatano. Tangu kulipokucha Philomena alisimama uani akiangalia barabara. Bwana Maji alianzia nyumba za chini, daftari mkononi, Pantaleo akimfuata kama mwenyekiti. Walikuwa wanaifuata barabara hiyohiyo, na nyumba ya Pantaleo ingefikiwa kabla ya yake. Aliwaona wakikaribia huko. Hapo ndipo alipotoa magogo ya lango, akamwacha mtamba mwekundu ndani, na kuwaswaga wale watano.

Hakuwa na mpango mkubwa. Alijisemea kwamba asiyeweza kulipia mali ya mtu humrudishia mwenyewe, na kwamba sharti lilikataza mdomo, halikukataza miguu. Ng'ombe hawakujua wanakokwenda, wakawa wanageuka kumtazama.

Alifika wakati Bwana Maji anaandika mbuzi wawili. Akafungua zizi la Pantaleo, akawaingiza wote watano, akafunga.

"Shikamooni," alisema.

Mektilda, mke wa Pantaleo, alitoka jikoni, akaona, akarudi jikoni.

Bwana Maji alishusha kalamu. "Hawa ni wa hapa?"

"Ah, hapana!" Pantaleo alicheka, akamkazia Philomena macho. "Si wangu hawa. Huyu mama amechanganyikiwa, jua limempiga. Mama Xavery, peleka wanyama wako nyumbani."

Wanyama wako. Philomena aliyasikia maneno hayo, na hofu yote aliyokuja nayo ikahama upande.

"Bwana Maji," alisema, "umesikia? Naomba uandike. Mzee amesema hawa si wake. Uandike ni wa Philomena wa Marseli, wote watano, na mmoja yuko kwangu. Uandike na rangi zao. Nitalipa mchango wote. Kesho nampeleka huyu dume mnadani, nalipa."

"Umpeleke nani mnadani?" Pantaleo aliruka mpaka kwenye lango la zizi. "Umpeleke nani?"

"Dume langu."

"Nani kakupa ruhusa ya kumuuza?"

Bwana Maji alimtazama mzee, akamtazama mama, akawatazama ng'ombe. "Mzee wangu," aliuliza kwa upole, "huyu mama akiuza dume lake, wewe linakuhusu nini?"

Upande wa pili wa ua wa minyaa, Rosalia alikuwa amekuja kuomba moto kwa Mektilda, na kigae chake cha moto kilikuwa kimesimama hewani. Pantaleo alitazama kalamu ile kama mtu anayetazama nyoka aliyesimama.

"Andika watano," alisema hatimaye.

"Wa nani, mzee?"

"Mimi. Andika mimi."

Habari ile ilimtangulia Bwana Maji. Alipokuwa anamaliza nyumba za katikati, njia za Mutuka zilikuwa zimejaa ng'ombe wanaoswagwa kwenda kwenye mazizi yaliyokuwa hayajawaona kwa miaka kumi. Modesti alipata saba. Alisimama mlangoni akiwaapia watu kwamba hawafahamu ng'ombe hao, mpaka mtu mmoja akasema kwa sauti kwamba kama hawana mwenyewe basi atawachukua yeye, na Modesti akawafahamu. Bwana Maji alilazimika kufuta kurasa mbili za daftari.

Lakini jioni ile Philomena alikuwa na kibuyu kikavu. Mtamba mwekundu alilia mpaka jua likazama, akiwaita wenzake. Siku ya kwanza watoto walikunywa uji wa maji wakaumaliza. Siku ya pili Fabiola alisukuma bakuli, akakohoa, akauliza ng'ombe mweusi amekwenda wapi. Philomena alimwambia amekwenda kwao. Kisha akajiuliza kama miaka tisa ya maziwa ilistahili kutupwa kwa shilingi mia moja kwa mwezi. Wanawake walimpongeza ziwani, naye hakuwaamini. Wengi wao hawakuthubutu kurudisha mnyama hata mmoja kabla yake, walimngoja yeye awe wa kwanza kuungua.

Siku ya tano, saa nne asubuhi, aliona mtu anakuja na ng'ombe wawili. Alikuwa Pantaleo, na mmoja wa wale wawili alikuwa yule mweusi wa kukamuliwa. Philomena alikwenda kusimama langoni pa zizi, lakini hakugusa gogo.

"Mama Xavery," Pantaleo alisema baada ya salamu, "mke wangu mgongo unamuuma. Na majani hakuna. Nimekuletea hawa, uwatazame kama zamani."

"Na maji yao?"

"Nimelipa. Muulize Bwana Maji."

"Umelipa mwezi huu. Mwezi ujao?"

"Mimi na wewe tumekuwa watu wa kuulizana miezi?"

"Sasa tumekuwa, Baba Egidius."

Pantaleo alivuta pumzi. Alionekana mzee kuliko siku ya mkutano, na Philomena karibu amhurumie, kisha akawaza kwamba huenda amekuja akiwa hivyo kwa makusudi. "Haya. Maji ni juu yangu," alisema kwa sauti ya chini, akitazama pembeni.

Ng'ombe mweusi alikuwa ameshalijua zizi, akasukuma gogo kwa pua. Fabiola alitoka mbio na kibuyu, mama yake akamzuia kwa mkono mmoja.

"Subiri." Kisha akapaza sauti kuelekea nyumba ya pili. "Mama Filbert! Mama Filbert, njoo mara moja, acha hayo mahindi!"

"Unamwitia nini?" Pantaleo aliuliza.

Rosalia alikuja anajipangusa mikono, akijifanya hajui lolote, akamwamkia mzee kwa heshima zote. Pantaleo alisimama juani na kamba mikononi.

"Sasa rudia, Baba Egidius," Philomena alisema. "Maji ya hawa ni juu ya nani, na mpaka lini?"

Pantaleo akarudia. Safari hii alisema ni muda wote watakaokuwa hapa, na akasema na jina lake. Philomena akatoa gogo la juu la lango, akaliegemeza pembeni.

"Na wale watatu waliobaki," aliuliza, mkono ukiwa bado juu ya gogo la pili, "umewapeleka kwa nani, na huko maji yao analipa nani?"