Kocha wa gofu alinihesabia mapigo yangu hapa Kibondo, nikaishiwa nguvu

Wakuu, heshima kwenu.

Kosa langu la mwanzo kwenye gofu sikujua kama ni kosa: nikipiga vibaya, nilirudia. Pigo likiharibika nilijiambia halikuwa lenyewe. Nitaeleza kama ilivyokuwa, hata pale panaponiaibisha.

Niko Kibondo. Uwanja wa gofu hakuna. Nilijifunza kwenye simu, kwa fimbo mbili nilizozipata kwenye mitumba Kasulu. Mzee aliyeniuzia, mtu wa Tanga, alidhani ni za kuchungia, akaniuliza nina ng'ombe wangapi.

Nje ya mji kuna malisho. Nikafukia makopo sita ya rangi, nikawa na mashimo sita.

Mimi kitu kikipinda kidogo silali. Swing yangu, yaani ninavyozungusha fimbo, niliirekodi na kuirekebisha miaka miwili, mpaka ikafanana na za kwenye video.

Basi nikapata namba ya kocha mmoja, dada wa Kasulu, wazazi wake walitoka Burundi zamani. Alianza kwa kubebea wachezaji mifuko, sasa anafundisha Arusha. Alikuwa anakuja kumwona mama yake, na alitaka kijana mmoja wa kuondoka naye akajifunze ukocha.

Nafasi moja tu, wakuu. Niliitaka mpaka chakula hakipiti.

Nikamwambia mashimo yangu sita nayamaliza kwa mapigo ishirini na moja. Akasema atapita aone.

Alikuja asubuhi na gumbuti zake. Akanisalimia kwa Kiha, akaniambia nianze.

Nikapiga. Mpira ukakata kulia, ukazama kwenye mihogo ya jirani. Nikatoa mwingine mfukoni.

"Unafanya nini, mdogo wangu?"

"Narudia, dada. Ule haukuwa wenyewe."

"Wenyewe ni upi? Twende tukautafute."

Tukaukuta katikati ya matuta. Mguu wangu ukausogeza penye majani mazuri, wallahi bila hata mimi kufikiri. Akaniambia niurudishe. Ulipolala ndipo unapopigiwa.

Nikalenga shimo kupitia kwenye mashina. Mara ya kwanza, shina. Mara ya pili, shina. Mama mwenye shamba alikuwa ameegemea jembe lake.

"Kila siku nasikia tu mlio," akamwambia kocha. "Mpira kuingia sijawahi kuuona."

Kocha hakucheka. Alinielekeza nisahau shimo, nitafute njia fupi ya kutoka hata kama ni ya pembeni. Pigo moja la kutoka, ndipo mchezo unaendelea. Nikatoka.

Shimo la tatu nilikuwa hatua nne kutoka kwenye kopo. Nilitumia mapigo matano. Akasema nahangaika na upande wakati kinachonishinda ni umbali. Nifikirie kwanza mpira ufike wapi.

Tulipomaliza akanionyesha daftari.

Hamsini na nane.

Nilihesabu vile vijistari mara tatu. Kilichonishtua si kwamba nacheza vibaya, wakuu. Ni kwamba kwa ile ishirini na moja sikuwa namdanganya mtu. Niliiamini. Miaka miwili nilihesabu mapigo niliyoyapenda tu.

"Swing yako nzuri kuliko ya wanafunzi wangu wengi," akaniambia. "Lakini gofu bado hujacheza. Utamfundishaje mtu kutoka mahali ambapo wewe hujawahi kukubali kwamba umefika?"

Akaondoka na binti mmoja wa Kasulu. Nilikaa wiki mbili bila kugusa fimbo.

Alichoniachia ni hiki, na kinamfaa yeyote anayejifunza peke yake: cheza na mpira mmoja. Usiusogeze. Nusu ya mazoezi yako iwe ndani ya hatua thelathini kutoka shimoni, maana huko ndiko mapigo yanakoishia. Na awepo mtu mwingine wa kukuhesabia, hasa kama wewe ni wa aina yangu.

Wachezaji mliomo humu nirekebisheni, na kama kuna aliyejidanganya kama mimi aseme, nisijione niko peke yangu.

Tangu siku ile sijarudia pigo. Jumapili iliyopita mama wa mihogo alinihesabia: thelathini na tisa.